Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Zana za bure za kufundishia lugha zipo, tunaomba ruhusa na muda

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nakuandikia hadharani kwa kuwa ninayoyasema hapa huzungumzwa kila siku katika vyumba vya walimu na huishia humo humo.

Naomba tupige hesabu ya kipindi kimoja. Kipindi kina dakika 40 na darasa lina wanafunzi 50. Hata nikinyamaza tangu kengele hadi kengele, kila mtoto anapata sekunde 48 za kuzungumza. Nami siwezi kunyamaza, maana lazima nieleze, niulize na nisahihishe. Ndiyo maana mtoto anamaliza mwaka daftari limejaa sarufi, lakini ukimuuliza swali dogo kwa lugha hiyo anainamisha kichwa.

Kinachonisaidia zaidi ni kinasa sauti kilichomo ndani ya simu, ambacho hakihitaji hata intaneti. Wanafunzi watano wanakaa na simu moja, kila mmoja anasoma aya fupi, kisha wanasikiliza. Kuna kosa la Kiingereza nililolisahihisha kwa wekundu muhula mzima: kumeza "s" ya mwisho, mtu akasema "she work" badala ya "she works". Binti aliyejisikia akilisema alishtuka, akaomba arudie, akarudia tena kabla sijamwambia neno. Wenzake wanne walikuwa wameinamia simu wakimsikiliza. Kundi lile lilizungumza zaidi kwa robo saa kuliko lilivyozoea kuzungumza kwa wiki.

Kwa usikivu kuna tovuti ya LibriVox, ambako tangu 2005 watu wa kujitolea wanasoma kwa sauti vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Unapakua mara moja, unacheza darasani utakavyo, na wanafunzi wanasikia lafudhi za wasomaji wengi badala ya yangu peke yake. Kwa msamiati natumia Anki, programu ya kadi za kukumbushia maneno. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi tunavyosahau haraka tusichokirudia. Anki hufuata kanuni hiyo kwa kulirudisha neno baada ya muda unaozidi kurefuka kadiri unavyolikumbuka. Ni bure kwenye kompyuta na simu za Android, ingawa programu yake ya iPhone inauzwa. Kompyuta moja inatosha darasa zima: kadi inatokea, wanajibu pamoja, na baada ya dakika tano tunaendelea na somo. Tovuti ya Tatoeba nayo ina sentensi nyingi zilizotafsiriwa na watu, ila yeyote anaweza kuchangia, kwa hiyo mwalimu lazima achuje kwanza. Shule isiyo na mtandao wa uhakika inaweza kuhifadhi Wikipedia kwa programu ya Kiwix na kuisoma bila intaneti.

Sasa tunakwama wapi? Kwanza, kwenye ruhusa. Shule nyingi zinaichukulia simu kama kosa, iwe mkononi mwa mwanafunzi au mwa mwalimu. Mkaguzi mmoja aliniuliza kwa nini nimeshika simu kipindi kikiendelea; nilimwonyesha andalio la somo ambalo kinasa sauti kimeandikwa kama zana ya kufundishia, akasema hilo halitambuliki. Mwalimu kijana akijibiwa hivyo mara moja hatajaribu tena, na simlaumu.

Pili ni muda, na hapa naomba unisikilize sana. Zana ni bure lakini maandalizi yana gharama. Kupata rekodi ya dakika tatu inayofaa umri wa wanafunzi, kuikata na kuitungia maswali, ni kazi ya jioni nzima. Kila mwalimu anaifanya peke yake, na shule ya jirani inaanza upya. Kabla wizara haijanunua programu za gharama kubwa, ingelipia saa za walimu wachache waandae masomo hayo, yawekwe mahali pamoja kwa leseni ya Creative Commons, ili wengine wayatumie na kuyarekebisha.

Kuna pia usalama wa watoto. Huduma nyingi haziruhusu akaunti kwa walio chini ya miaka 13, na baadhi ya programu za bure hukusanya taarifa za watumiaji. Kusoma masharti hayo ni kazi ya wanasheria wa wizara, wasiachiwe walimu. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi asifunguliwe akaunti yoyote pale ambapo kifaa cha mwalimu kinatosha.

Ninachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja kabla ya muhula ujao: uitambue simu ya mwalimu kama zana ya kufundishia, utaje programu zilizokaguliwa, na uhesabu maandalizi haya kama sehemu ya mzigo wa kazi. Masomo niliyokwisha kuandaa, pamoja na maswali yake, niko tayari kuyakabidhi kwa ofisi yako bila malipo wakati wowote nitakapoitwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa lugha, shule ya sekondari