Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu ni kumfundisha mwanafunzi wa sheria kutatua shida ya mteja, si kukariri vifungu tu. Mengine nitayagusia kwa ufupi.

Tangu Christopher Langdell alipokuwa mkuu wa kitivo cha sheria Harvard mwaka 1870, kufundisha kwa kuchambua hukumu kumeenea sana. Njia hiyo inanoa hoja, sibishi. Ila hukumu ya rufaa humfikia mwanafunzi ikiwa imekwishachujwa: ushahidi umepimwa, hoja zimeainishwa, mshindi anajulikana. Mteja haji hivyo. Huja na bahasha ya karatasi zilizovurugika, na anachokitaka hasa hakitaji mpaka aulizwe tena na tena. Ndiyo maana ripoti ya MacCrate, iliyotolewa na chama cha mawakili cha Marekani mwaka 1992, ilitaja stadi kumi za msingi za wakili na kuanza na utatuzi wa matatizo.

Kamati yetu ya mitaala iliandaa majalada ya mazoezi yenye mapengo ya makusudi. Katika moja, mpangaji anatakiwa ahame na mkataba wake umekosa ukurasa. Wanafunzi wengi walikimbilia kuandika hati ya madai. Wachache walimuuliza kwanza: unataka kuendelea kuishi humo, au urudishiwe pesa ulizotanguliza? Jibu lake liligeuza ushauri wote, kwani barua moja au kikao cha usuluhishi kingetosha, kwa gharama ndogo na bila kungoja tarehe za mahakama.

Ubishi ulizuka kwenye alama. Baadhi yenu mlisema zoezi lisilo na jibu moja halisahihishiki. Kamati inasema tusahihishe njia: je, aliuliza, aliona ukomo wa muda wa kudai, alilinganisha njia mbadala, aliandika ushauri ambao mteja ataelewa? Mimi niko upande wa kamati. Zoezi lisilo na alama, mwanafunzi hulifanya usiku wa mwisho.

Mashindano ya mahakama ya kuigiza yalikwenda vizuri, ingawa bado tunayatukuza kuliko usaili wa mteja, kana kwamba wakili hukaa mahakamani kutwa.

Rasimu ya mwongozo wa usahihishaji imo kwenye makabrasha yenu. Tutaipigia kura baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti