Ukipotea Mji Mkongwe, tafuta kibla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji, kuna jambo limenikaa rohoni tangu shemeji yangu aje kututembelea kutoka Dodoma. Asubuhi moja nikamchukua tukatembee Mji Mkongwe, mie mtoto wa hapa hapa Unguja, nikajua leo nitajidai kweli, basi tumo vichochoroni huko upande wa Kiponda akasimama mbele ya msikiti mdogo akaniuliza, hivi shem, hiki kitumbo kilichotokeza ukutani ni kitu gani? Nimepita pale tangu nasoma chuoni, nikamjibu ati labda tangi la maji la zamani. Mzee mmoja aliyekaa barazani akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangi gani, mwanangu, hiyo mihrabu! Imamu anasimama kwa ndani, kwa nje ukuta unatokeza hivyo, na kwa vile Makka kwa hapa kwetu iko kaskazini moja kwa moja, ukipotea vichochoroni huna haja ya simu, we tafuta kibla cha msikiti tu utajua kaskazini iko wapi. Wallahi niliona haya.

Sasa hoja yangu ndo hii. Hizi nyumba za ibada za mji wetu tumewaachia watalii na mapapasi, wale vijana wa kutembeza wageni. Tangu Mji Mkongwe uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 makala haziishi, milango ya nakshi, mabaraza, vikuta, lakini sie wenyewe tunapita tu, Muislamu hajui mle kwenye kanisa la Anglikana la Mkunazini mna nini na Mkristo hajui kwa nini misikiti mingi ya zamani haina mnara. Mie mwenyewe nilikuwa sijui mpaka yule mzee akanieleza, masultani walikuwa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu waliyokuja nayo kutoka Omani, na misikiti ya Kiibadhi haina mbwembwe, hata ya Wasunni walio wengi mingi imebanwa katikati ya nyumba za watu, unaijua kwa viatu mlangoni. Ndo maana ule wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia unaonekana wa ajabu. Halafu kichekesho, jengo ambalo Waunguja wanaliita Minara Miwili ni kanisa! Lile la Mtakatifu Joseph, la wamishonari wa Kifaransa, lililojengwa miaka ya 1890. Ukiwa kwenye boti unaiona minara yake vizuri kabisa, ukishuka ukaingia mitaani kulitafuta unazunguka mpaka unakata tamaa.

Mkunazini tulikaa sana. Watu huingia pale dakika 5, wanapiga selfi kwenye zile sanamu za watumwa wenye minyororo, wanatoka. Sie tukakaa ndani kwenye benchi. Ujenzi wa kanisa lile ulianza 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa lililokuwa pale, na mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni, inaelezwa ndo palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Shemeji alisimama kando ya lile duara hakulikanyaga, akakaa kimya muda mrefu, na huyo ni mtu wa kuongea kama redio. Kuna msalaba pia wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, pale ulipozikwa moyo wa David Livingstone, yule msafiri Mskochi aliyeupinga utumwa. Na zile nguzo zilizosimama kichwa chini karibu na mlango, hadithi yake kila papasi anaijua, mafundi walizigeuza Edward Steere, askofu wa Anglikana aliyesimamia ujenzi, akiwa safari, aliporudi akasema ziacheni.

Lakini kuna kitu papasi hasemi na mie naona ndo kikubwa kuliko nguzo. Sehemu ya kiwanja cha kanisa lile ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, na saa ya mnarani inasemekana ni zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Baniani katoa ardhi, Sultani katoa saa, Mwingereza kajenga. Sasa ukiliangalia kanisa hilo peke yake umeona nini, si lazima uende na Hurumzi kwenye hekalu la Mabaniani, uende na misikiti? Hata huyo Steere, kabla hajawa askofu alishatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, 1870 hiyo, na haukupita muda mrefu wanazuoni wetu Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, wote wawili wamefariki 1925, wakawa wanasomesha mji huu huu. Mtaa wa Ukutani alikosomesha Bakathir si mbali hata kidogo, kwa mguu unafika kabla jasho halijakutoka.

Na Waparsi je, wale watu wa dini ya Zoroasta waliotoka India? Kila siku watu wanapanga foleni kupiga picha kwenye nyumba wanayoambiwa ni ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa hapa 1946, sijasikia hata mmoja anauliza wazee wake walikuwa wanasali wapi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Badala ya ile orodha ya vivutio inayorudiwa kila msimu, mtume mwandishi akakae na hawa wazee wa mabarazani, na mapadri, na wale wanaowasha taa hekaluni, nyumba moja kila wiki, aandike wanavyosema wenyewe kabla hawajaondoka. Na wenye nyumba hizo nao watufungulie wenyeji, hata Jumamosi moja kwa mwezi, nje ya nyakati za sala. Sisemi watu waingie ovyo, msikitini si wote wanaruhusu asiye Muislamu na hiyo ni haki yao, Ijumaa adhuhuri usijaribu kabisa, kichwa na mabega yafunikwe, viatu uvue bila kungoja kuambiwa. Shemeji alikuwa na kanga mbili begani siku nzima na hakuna aliyemfukuza popote.

Nitarudi Kiponda wiki hii, yule mzee namdai hadithi ya msikiti wake na yeye ananidai kahawa iliyomwagika.

Msomaji wako,
Unguja