Barua kwa Rukia: hizo F zako tatu

Maskati, Ijumaa jioni

Sahibu yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kile kicheko. Eti kwenye hiyo programu ya kompyuta mnayoitia Kiswahili, Fungua, Funga na Futa zimekaa kwenye menyu moja zikigombea F iwe herufi yao ya kubonyeza na Alt, na mwenzako mnayetafsiri naye anataka hata mikato ya Ctrl, ile ya kubonyeza Ctrl pamoja na herufi, igeuzwe, kunakili kusiwe tena Ctrl+C bali Ctrl+N, ili Mswahili ajione yupo kwao. Ukaniuliza huku kwa Waarabu wamefanyaje.

Kibodi yangu ya ofisini kila kitufe kina herufi mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu. Kwenye C kuna wau yenye hamza, ؤ. Kwenye V kuna ر, kwenye Z kuna ئ. Kunakili kwa Kiarabu ni naskh, na nuni yake imekaa kwenye K. Lakini jirani yangu wa meza akiandika barua ya Kiarabu hagusi K hata siku moja. Anabonyeza Ctrl pamoja na ile ؤ, kwisha. Kidole kimezoea mahali, habari ya herufi hakina. S ndiyo iliyobahatika, maana chini yake kuna sini. Na B, utacheka, imechorwa لا. Kila nikifanya maandishi yawe mazito kwa Ctrl+B, naona kama kompyuta inaniambia “hapana”.

Hata Waingereza wenyewe, ukiitazama V, kwa neno gani lao ina maana ya kubandika? Hakuna. Z ya kutendua, X ya kukata, C ya kunakili na V ya kubandika zimepangana safu ya chini, karibu na kidole gumba, na kazi hizo zimekuwa nazo tangu kompyuta ya Lisa ya Apple ya 1983. Za Ctrl nyingi ni mahali zaidi kuliko neno. Sisi X hatuna kabisa katika alfabeti yetu, na kila siku tunakata nayo.

Waliojaribu kuzitafsiri wapo. Word ya Kihispania huhifadhi kwa Ctrl+G, kwa sababu ya guardar, na maandishi mazito ni Ctrl+N, negrita. Mhispania huyo mkalishe mbele ya Word ya Kiingereza: anataka neno moja liwe zito, anafunguliwa waraka mpya mtupu. Mwambie mwenzako alale na hilo usiku mmoja.

Kiufundi ni hivi. Kwenye Windows kila kitufe kina namba yake ya ndani, na mpangilio wa Kiarabu umekiachia kitufe cha ؤ namba ileile ya C. Kwa hiyo ukiwa kwenye Kiarabu, Ctrl+C inafanya kazi bila wewe kujua lolote. Linux ya zamani, ile inayotumia mfumo wa madirisha uitwao X11, humpa mwenye programu jina la herufi ya mpangilio uliopo wakati huo. Programu isipojihangaisha kutazama na mpangilio wa pili, inasikia “Ctrl na ئ”, inashangaa, inanyamaza. Nilikuwa na programu moja ya kuchora ya namna hiyo. Nimefuta mstari kwa bahati mbaya, nabonyeza Ctrl+Z niurudishe, kimya. Nabonyeza tena, kwa hasira sasa, kama vile nguvu za kidole zitasaidia. Kumbe niko kwenye Kiarabu. Ikawa kila kosa nirudi kwanza kwenye Kiingereza, nitendue, halafu nirudi kuandika.

Sasa Alt, kile kitufe cha kufungulia menyu kwa herufi, ambako ndiko kwenye kazi yako. Hii haifuati mahali, inafuata neno lililoandikwa kwenye menyu, ile herufi iliyopigiwa mstari. Warusi wameandika Файл na kuipigia mstari Ф, ambayo kwenye kibodi yao iko pale penye A. Mrusi akisahau kibodi kwenye Kiingereza, Alt yake inapeleka A, na menyu haistuki. Wajapani wengi huandika kwa sauti za Kilatini kisha kompyuta ndiyo huzigeuza, kwa hiyo herufi yao ya kwanza haina kitufe cha kubonyeza mara moja pamoja na Alt. Wakaamua kuacha herufi ya Kilatini mkiani: ファイル(F). Wachina nao hivyohivyo. Si nzuri kwa macho, lakini inafanya kazi.

Sisi tumeepuka yote hayo. Bibi yangu barua zake zote za Kiswahili aliziandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, na kibodi ya Kiarabu ya kawaida haina pe wala che, herufi za sauti zetu za p na ch. Tungebaki huko, leo ungekuwa unanililia kilio kingine.

Basi Ctrl ziacheni zilivyo, zote. Kile kistari cha chini ndani ya faili la tafsiri, kinachoonyesha herufi ya Alt, ndicho chenu, kihamisheni mtakavyo. Nimekaa na kalamu: Fungua na Funga zina herufi zilezile tano, hakuna hata moja ya kuzitenganisha! Fungua ipeni F, ndiyo itakayotumiwa zaidi. Funga ichukue G. Futa ina T, ipeni hiyo, na Toka ikilalamika ipeni K. Ila Futa isije ikapewa F hata kwa bahati mbaya, maana atakuja mtu kufungua hesabu zake za mwezi mzima azipoteze. Kwenye safu ya menyu ya juu mtakutana na Mwonekano na Msaada, zote za M. Hapo Msaada ichukue S.

Nitumie faili lenyewe, nilipitie Ijumaa ijayo. Na mama mwambie halua nimeshanunua, namtafuta msafiri.

Wako,
Saada