Barua kwa mdogo wangu, kuhusu ile nafasi tupu ya mwaka 1964

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kujibu. Basi nakuandikia hapa, mahali ninapojua hukosi kupita. Wengine watakaosoma watusamehe, haya ni ya nyumbani.

Arobaini ya Mjomba sina haja ya kukusimulia. Nakukumbusha dakika moja tu. Sahani zimekwisha kuondolewa, wazee wako barazani na kahawa yao. Baba Mdogo akasema marehemu hakuchoka kutuambia kwamba mwaka alioinunua santuri ya "Good Times", mwimbaji wake Sam Cooke alikuwa juu ya wote kwa Wamarekani Weusi. Ukatoa simu. Ukapekua, ukasoma kwa sauti: mwaka 1964, kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani, nambari 11; chati ya R&B, yaani ya santuri zilizopendwa na Wamarekani Weusi, hakuna kitu, kistari tu. Ukasema, "Mjomba alikuwa akitia chumvi. Namba hazidanganyi." Mama akainuka, akaingia ndani. Mimi nikakitazama kikombe changu.

Umesoma hesabu kutuzidi sote, na siku ulipopata nafasi ya kwenda Ohio hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Lakini mtu wa hesabu akikuta kistari mahali panapotakiwa namba, huuliza kwanza kama kipimo kilikuwapo. Hukuuliza.

Hakikuwapo. Billboard ilichapisha chati yake ya R&B tarehe 23 Novemba 1963, kisha ikaiacha. Iliirudisha tarehe 30 Januari 1965. Kwa miezi 14 hivi jarida lile halikuwa na chati yoyote ya R&B, na "Good Times" ilitoka, ikapanda na kushuka ndani ya miezi hiyo. Sam Cooke mwenyewe alipigwa risasi Los Angeles tarehe 11 Desemba 1964, akafa chati haijarudi. Jarida shindani, Cash Box, liliendelea kuchapisha chati yake ya R&B wakati wote huo, na huko "Good Times" ilifika nambari moja. Nambari moja, mdogo wangu. Mjomba alisema kweli, na kweli yake ilikuwa imeshapigwa chapa kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Sababu inayotajwa ya kuiacha chati ile ni kwamba ilikuwa imefanana mno na chati ya pop. Nyimbo za Motown, kampuni ya santuri ya Weusi ya Detroit, zilikuwa zikinunuliwa kila mahali, na waimbaji Wazungu walikuwa wakiingia kwenye orodha ya R&B; Lesley Gore na "It's My Party" yake alikuwa nambari moja ya R&B mwaka huohuo wa 1963. Wakaona chati mbili za nini. Kosa liko hapo. Waliichukulia chati ya R&B kama orodha ya waimbaji wa namna fulani, na tangu mwanzo ilikuwa orodha ya wanunuzi wa mahali fulani. Ilipozaliwa Oktoba 1942 iliitwa Harlem Hit Parade, kwa kuwa iliyauliza maduka ya Harlem, New York, hayo tu. Mwaka 1945 ikafuata chati ya santuri za Weusi zilizopigwa kwenye majukiboksi, zile mashine za kupiga santuri kwa sarafu, na jina ikapewa la Race Records. Mwaka 1949 Jerry Wexler, akiwa mwandishi wa jarida hilo, akaleta jina la Rhythm & Blues. Ikaja kuitwa Soul mwaka 1969, Black mwaka 1982, na R&B tena mwaka 1990. Majina yalibadilishwa, swali likabaki: kwenye maduka ya Weusi na redio za Weusi, watu wanataka nini wiki hii? Ikiwa wiki moja walimtaka Lesley Gore, basi hilo ndilo jibu lao. Hupewi jibu usilolitarajia ukaacha kuuliza.

Na angalia waliacha kuuliza lini. Mapema 1964 Beatles, bendi ya Uingereza, wakatua Marekani. Chati ya tarehe 4 Aprili walishika nafasi zote tano za juu za Hot 100. Wimbo uliopendwa Chicago kusini au Detroit, na stesheni za Wazungu zikaukataa, ulikuwa hauna pa kuonekana katika jarida lile ila kugombania nafasi kwenye orodha iliyofurika. Hili lina uzito wa fedha. Mwenye duka huagiza kwa kuitazama chati, mwenye jukiboksi naye vivyo hivyo, mpangaji wa nyimbo redioni naye hivyohivyo. Asiyeonekana haagizwi, asiyeagizwa hauzwi, na asiyeuzwa haonekani.

Wewe unadhani hesabu za chati ni hesabu. Hadi Mei 1991, hata kuhesabu hakukuwapo. Kila wiki watu wa chati walipiga simu kwa maduka waliyoyateua, na karani au meneja akawatajia kinachouzika zaidi, kwa mpangilio. Idadi ya nakala hakuitaja. Kilichoharibika ni rahisi kukiona. Meneja asiyependa rapu aliisahau au aliishusha. Albamu iliyokwisha ndani ya siku mbili kwa sababu vijana waliichukua yote, ikawa haipo rafuni siku ya simu, haikumjia kichwani. Wajumbe wa lebo walipita na maboksi ya bure na tiketi, na nyimbo zao zikapanda kwenye simu ya wiki ile. Tarehe 25 Mei 1991 chati ya albamu ikahamia SoundScan: kila albamu ikipitishwa kaunta, mashine husoma msimbopau, na mauzo yanaandikwa nakala kwa nakala. Wiki chache baadaye albamu ya pili ya kundi la rapu la N.W.A ikaingia nambari 2, na chati ya tarehe 22 Juni ikawa nambari moja, redio zikiwa hazitaki hata kuigusa. Septemba ya mwaka huo Garth Brooks akaingia moja kwa moja nambari moja na albamu ya kantri, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa muziki huo. Wanunuzi wa rapu na wa kantri hawakuzaliwa mwezi ule. Walikuwapo miaka yote, karani hakuwataja.

Ungekuwa hapa ungerukia hapo hapo: basi mashine imemaliza ubishi. Haikuumaliza. Mashine huhesabu pale ilipofungwa. Kaunta zenye kusoma msimbopau zilianza kwenye maduka makubwa yenye matawi, na maduka mengi madogo ya mitaa ya Weusi hayakuwa nazo. Kwa sababu hiyo chati ya R&B haikuhamishwa pamoja na Hot 100 mwezi Novemba 1991; ilisubiri hadi mwisho wa 1992, na hata hapo ilibidi kuteua kundi lake la maduka yenye wateja Weusi ili jibu lisizamishwe na maduka ya vitongoji vya Wazungu. Waliofanya hivyo walijua kazi yao, na nawapa heshima yao.

Redio nayo ina mambo yake, na hapa ndipo ninapokula mkate wangu, kwa hiyo nivumilie. Kwenye Hot 100 wimbo ukipigwa mara moja hauhesabiwi kama mara moja. Unapewa idadi ya watu wanaokadiriwa kuwa wanaisikiliza stesheni ile saa ile. Kwa hiyo chati hurithi kosa lolote lililomo kwenye kipimo cha wasikilizaji. Kuanzia 2007 kampuni ya Arbitron, iliyopima wasikilizaji wa redio, ilianza kuacha katika miji mikubwa daftari walizojaza wasikilizaji kwa mkono, ikaleta kidude cha kuvaa kiunoni kinachonasa alama ya sauti isiyosikika kwa sikio. Stesheni nyingi za Weusi na za Walatino zikaona wasikilizaji wao wakishuka kwenye karatasi ghafla. Wenye stesheni wakalalamika kwamba waliochaguliwa kuvaa kidude hawakuwa na vijana Weusi wa kutosha, wala nyumba za kutosha zenye simu za mkononi peke yake. Oktoba 2008 wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na New Jersey wakaishtaki kampuni hiyo, na Januari 2009 ikakubali kurekebisha namna ya kuchagua watu. Stesheni ikipoteza wasikilizaji wa karatasini, hupoteza matangazo, na nyimbo inazopiga hupoteza pointi. Muziki ni uleule, wasikilizaji ni walewale.

Sasa Oktoba 2012. Hili sijalisamehe, na nadhani ndilo lililonifanya nikasirike nawe kupita kiasi, maana ulirudia kosa lilelile ukiwa mtu wa kwetu. Hadi wakati huo chati ya nyimbo za R&B na hip-hop ilitegemea zaidi stesheni za muziki huo. Katika chati ya tarehe 20 Oktoba wakabadilisha: wimbo wowote uliotiwa kwenye fungu la R&B ukaanza kupimwa kwa redio za aina zote, mauzo yote ya mtandaoni na usikilizaji wote wa mtandaoni, kama Hot 100. Nafasi zikapunguzwa kutoka 100 hadi 50. Wiki hiyo "Diamonds" ya Rihanna ikaruka kutoka nambari 66 hadi nambari moja. Rihanna ni Mweusi, sina neno naye. Neno langu ni hiyo 66: hilo ndilo lilikuwa jibu la stesheni za R&B wiki iliyotangulia, na likafutwa na watu ambao hawazisikilizi stesheni hizo. Wiki hiyohiyo Taylor Swift akawa nambari moja ya kantri kwa njia ileile. Chati ikawa kipande kilichokatwa kutoka Hot 100. Kipimo cha zamani kikasukumwa pembeni, kwenye chati ya redio pekee ambayo wachache huitaja.

Mwaka uliofuata, 2013, "Thrift Shop" na "Blurred Lines", nyimbo za wasanii Wazungu, zikakaa juu ya chati ya R&B na hip-hop wiki baada ya wiki, na huku kwenye Hot 100 mwaka mzima ukapita bila msanii Mweusi hata mmoja kufika nambari moja wimbo ukiwa wake; waliofika walialikwa kwenye nyimbo za wengine. Haikuwahi kutokea tangu chati hiyo ianze 1958. Ukiisoma orodha ile kwa simu baada ya miaka 50, mbele ya wajukuu wa mtu, utasema Weusi hawakuimba mwaka huo?

Ya sasa unayajua kuliko mimi, nitapita haraka. Mwaka 2018 Billboard iliweka uzito: kwenye chati ya albamu, usikilizaji 1,250 wa kulipia ulihesabiwa kama albamu moja, na wa bure wenye matangazo ulitakiwa 3,750. Piga hesabu wewe mwenyewe. Nyimbo zikisikilizwa mara 3,750,000 na wanaolipa, ni albamu 3,000. Zikisikilizwa mara hizohizo na wasiolipa, ni albamu 1,000. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Nielsen, kampuni iliyokuwa ikikusanya hesabu hizo, ilikuwa imetangaza kwamba R&B na hip-hop sasa zinasikilizwa na kununuliwa zaidi kuliko rock Marekani, na usikilizaji wa mtandaoni ndio uliozibeba. Sisemi walikusudia. Nasema kijana asiye na kadi ya benki sauti yake iligawanywa kwa tatu. Na chati ya dunia nzima, Global 200, iliyoanza Septemba 2020, nayo inatofautisha anayelipa na asiyelipa, kwa hiyo mwendesha bodaboda wa hapa kwetu anayesikiliza bure ni mwepesi kwenye mizani hiyo kuliko wewe huko Ohio, na anayerushiwa wimbo kwenye memori kadi hayumo kabisa.

Kwa hiyo siku nyingine ukitaka kumkosoa mtu kwa chati, tazama kwanza tarehe, uone kama chati yenyewe ilikuwa ikichapishwa. Tazama walioulizwa ni akina nani na waliulizwaje. Tazama kila jibu lilipewa uzito gani. Halafu tazama nani aliamua wimbo uingie fungu gani, maana mwaka 2019 "Old Town Road" ya Lil Nas X iliondolewa kwenye chati ya kantri kwa uamuzi wa watu wa chati, kisha ikakaa juu ya Hot 100 wiki 19. Haya ni mambo ya dakika kumi. Ungeweza kuyafanya kabla ya kufungua mdomo.

Nasikia umemwambia dada kwamba mimi niliyajua haya yote na nikanyamaza, kwa hiyo sina haki ya kukulaumu. Niliyajua. Msibani hawabishani, wewe umekulia nyumba ileile na mimi. Mama alikuwa ameshaingia ndani, na wazee wasingekaa kusikia habari za Cash Box wakati kahawa inapoa. Tena ningekuumbua mbele ya watu, wewe uliyekuja kwa nauli ya kukopa. Nikaona bora nivumilie. Labda nilikosea, Baba Mdogo hadi leo hataji tena habari za santuri. Na zile santuri za Mjomba sikukunyima. Nilisema zisubiri, na nilisema hivyo kwa sababu mkononi mwako siku ile zilikuwa santuri za mwongo.

Ziko kwangu, zimesimamishwa wima, hazijalazwa, kila moja kwenye mfuko wake. "Good Times" nimeifuta kwa kitambaa laini kuifuata mifereji, bado inapiga, ina mkwaruzo mmoja tu karibu na mwisho. Tafuta chati za R&B za Cash Box za katikati ya 1964, huko kwenu maktaba za vyuo huwa nazo. Ukishaiona ile nambari moja mpigie Mama kwanza, umsomee kwa sauti kama ulivyosoma siku ile. Mimi unaweza kunipigia baadaye, hata usiku.