Kwa Nini Nyumba Nyingi za Shekhawati Utazikuta Zimefungwa

Mteja wetu mmoja alirudi kutoka India amenuna. Alikodi teksi mwenyewe kutoka Jaipur, akazunguka Mandawa, mji wa Shekhawati, mchana kutwa, na karibu kila mlango alioufikia una kufuli. Hatukushangaa. Malalamiko haya tunayasikia kila msimu, na chanzo chake kiko mbali kidogo.

Shekhawati ni ukanda mkavu wa kaskazini mwa Rajasthan. Zamani misafara ya ngamia ilipita huko na bidhaa kati ya bandari za Gujarat na Delhi, na wafanyabiashara wa Kimarwari, jamii ya huko Rajasthan, wakaneemeka. Karne ya 19, biashara ilipohamia kwenye reli na bandari za Waingereza, nao wakaifuata Calcutta na Bombay, ambazo leo ni Kolkata na Mumbai. Faida wakairudisha nyumbani kujenga, kila tajiri akitaka ukuta wake umfunike jirani.

Jumba la namna hiyo huitwa haveli. Lina nyua mbili, wa nje kwa wanaume na shughuli za biashara, wa ndani kwa wanawake. Lakini kinachomfanya mtu asafiri ni michoro. Fundi alipiga lipu ya chokaa na kuchora ikiwa mbichi, rangi ikanywewa na ukuta: nili, masizi, udongo mwekundu. Kisha aliisugua kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Utamwona Krishna, mungu wa Wahindu, utaona tembo, halafu ghafla treni! Na treni zenyewe, nyingine ukizitazama unajua kabisa mchoraji alisimuliwa tu, maana mabehewa yanafanana na vibanda.

Sasa kufuli. Wenye nyumba wako Kolkata na Mumbai, na jumba moja linaweza kuwa na warithi makumi. Anayejua kesi za nyumba ya urithi hahitaji maelezo zaidi: huyu anataka kuuza, yule hataki, wa tatu hapokei simu. Anabaki mlinzi na familia yake, huku unyevu ukipanda ukutani na lipu ikidondoka. Nyingine zimepakwa chokaa juu ya michoro, nyingine zimevunjwa yakajengwa maduka.

Ndiyo maana wageni wetu tunawalaza mji wa Nawalgarh usiku mbili, si kupita tu. Hapo kuna jumba la Podar la mwaka 1902, ambalo sasa ni makumbusho, kwa hiyo hata siku mbaya haiendi bure. Kwingine kiongozi wetu mwenyeji hubisha hodi asubuhi, anawajua walinzi kwa sura. Bahasha ya mlinzi imo ndani ya bei yetu. Msitoe tena mara mbili. Picha za michoro pigeni, za wenyeji ombeni kwanza. Siku ya pili tunakwenda mji wa Fatehpur, kwenye jumba la mwaka 1802 ambalo mchoraji wa Kifaransa, Nadine Le Prince, alilinunua na kulifufua. Mimi hulipenda kuliko yote, ingawa wenzangu ofisini wanasema limekuwa nadhifu mno.

Hatuahidi kwamba nyumba fulani itafunguliwa. Anayeahidi hivyo anakudanganya.

Tunapeleka watu Novemba hadi Februari. Mei na Juni hapana, hata ukilipa zaidi: Churu, mji wa hukohuko, ulivuka nyuzi 50 mwaka 2019. Januari nayo beba sweta nzito, usiku ni baridi kali.