Saini ya ndugu si ridhaa ya mgonjwa

Mhariri,

Kila inapojadiliwa sheria ya afya ya akili, wengi hudhani kazi yake ni kuwaondoa "vichaa" mitaani. Kwa hilo pasingehitajika sheria. Kamba na kufuli zilikuwapo tangu zamani. Sheria inatungwa kwa sababu mtu asiye na kosa lolote anaweza kushikwa, kufungiwa na kudungwa sindano asiyoitaka, hivyo anayemtendea hayo hana budi kubanwa: ana mamlaka gani, kwa muda gani, na nani atamkagua.

Haki nyingi hupotelea mapokezi. Ndugu wamemleta mgonjwa, mwenyewe amekataa kulazwa, kaka yake anatia saini, na kwenye faili panaandikwa "amelazwa kwa hiari". Hiari ya nani? Mstari huo mmoja una madhara makubwa. Mgonjwa wa hiari hawekewi ukomo wa siku, wala jalada lake halifiki kwa hakimu au bodi ya mapitio, ile inayoamua kama kuna sababu ya kuendelea kumshikilia, maana kwa karatasi anaweza kuondoka wakati wowote. Siku akibeba mkoba wake aondoke, anakuta geti limefungwa. Saini ya ndugu ni ombi tu. Mgonjwa akikataa, utaratibu wa kulazwa bila hiari ufuatwe wote, hata kama unachosha.

Utaratibu huo hutofautiana nchi na nchi. Italia, iliyoanza kufunga hospitali zake za vichaa kwa sheria namba 180 ya mwaka 1978, hudai madaktari wawili, amri ya meya na uthibitisho wa hakimu, na amri yenyewe hudumu siku 7 kabla ya kuombwa upya. England na Wales, sheria ya mwaka 1983 inaruhusu hadi siku 28 za uchunguzi. Lakini siku hizo zinahesabiwa tangu lini? Sheria isiposema waziwazi, mgonjwa aliyefikishwa Ijumaa usiku ataanza kuhesabiwa Jumatatu, daktari bingwa atakapopita wodini.

Kuhusu kumfunga mgonjwa kitandani au kumtenga chumbani, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 zinaruhusu pale tu isipokuwapo njia nyingine ya kuzuia madhara yaliyo karibu kutokea, na zinataka sababu na muda viandikwe. Kwa hiyo mkaguzi aanze na rejista: nani aliamuru, amefungwa saa ngapi, amefunguliwa saa ngapi, nani alikagua mikono na kumpa maji. Akikuta ukaguzi wa kila dakika 15 usiku kucha, kalamu ileile, mwandiko uleule, bila kupishana hata dakika moja, ajue imejazwa asubuhi. Aangalie pia agizo la dawa ya kutuliza "ikihitajika", yaani muuguzi aitoe atakapoona inafaa. Wodi yenye wauguzi wachache hufunga watu kwa sindano, na hilo haliingii kwenye rejista yoyote.

Wapo wanaotaka ulazimishaji ukome kabisa, na hoja yao ina uzito: Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 14, unakataza ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Mimi nawaunga mkono. Ila nchi ambazo hazijafika huko zisitumie mjadala huo kama kisingizio cha kuacha kulinda waliomo wodini leo.

Wabunge wanaopitia miswada ya namna hii waangalie jambo lingine dogo. Mapitio yaanze yenyewe siku ikifika, bila kungoja mgonjwa aandike barua, na bodi iwe na fungu lake la bajeti. Bila nauli na posho haitakutana. Na mgonjwa aelezwe haki zake kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa, kisha arudiwe baada ya siku chache, kwa sababu siku ya kwanza dawa zimemlewesha na tangazo la ukutani hawezi kulisoma.

Mdau wa afya ya akili