Risala ya Waraibu Walio Kwenye Tiba na Familia Zao kwa Mgeni Rasmi, Ngarenaro, Arusha

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Mganga Mkuu wa Jiji, Mheshimiwa Diwani, mashehe na wachungaji, wenyeviti wa mitaa, wazazi wenzetu na vijana wetu,

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Tunamshukuru Mungu kutukutanisha leo 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kwa ajili ya kupiga vita dawa za kulevya. Karibu sana Ngarenaro.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu ni cha vijana waliokuwa wakitumia heroini na sasa wanakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, pamoja na sisi wazazi, wenza na ndugu zao. Tunachangishana nauli, na asiyeonekana kliniki tunamfuata nyumbani siku hiyohiyo. Mabaya ya unga mtaa huu unayajua, hatutayarudia. Tumekuja kuisemea dawa hii, maana inasemwa vibaya, hata kwenye nyumba za ibada, kwamba ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine.

Sivyo. Mtumiaji wa heroini husaka kete mara kadhaa kwa siku, kwa sababu saa chache zikipita arosto inamwingia: kamasi, tumbo kukata, mifupa kuuma, jasho la baridi, usingizi hakuna. Hapo ndipo redio ya nyumbani inauzwa, kisha masufuria. Methadoni hushika palepale kwenye ubongo inaposhika heroini, ila huingia polepole na kukaa mwilini zaidi ya saa 24. Wataalamu huanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Ikifika dozi inayomtosha, arosto haiji, hamu inashuka, na ile stimu haipati. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na hapa nchini tiba hii ilianza Muhimbili Februari 2011.

Tunakuomba siku moja ufike kliniki asubuhi ujionee. Kijana anafika dirishani, jina lake linahakikiwa, dawa ya maji inapimwa, anakunywa papo hapo mbele ya mhudumu, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza. "Asante sista," anasema, anaondoka kwenda kwenye gereji yake. Jambo lenyewe ni hilo tu, ila ni kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo.

Mheshimiwa,
Wapo wazazi wanaoona bora kumfungia kijana ndani mpaka arosto iishe. Kuisha itaisha, lakini hamu inabaki, na mwili umeshapoteza uzoefu wake wa kuihimili heroini. Akitoka akarudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi inakata. Tumezika vijana kwa namna hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza mtu akae kwenye tiba muda wote ambao wataalamu wanaona unamfaa, hata iwe miaka, na asiachishwe kwa aibu ya ndugu.

Tuseme pia ukweli mwingine. Methadoni haitibu bangi wala mirungi. Ikichanganywa na gongo au vidonge vya usingizi inaweza kuua. Na mwenzetu mmoja alipoanzishiwa dawa za kifua kikuu, arosto ilimrudia, mtaa mzima ukasema amerudia unga. Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Dozi ikapandishwa, akatulia, na leo kakaa safu ya pili hapo mbele yako. Tunaomba kliniki za kifua kikuu na za methadoni ziwe zinapeana taarifa mapema, mgonjwa asiadhirike kwa kosa ambalo si lake.

Kwa mabinti zetu hali ni ngumu zaidi. Mjamzito anayetumia heroini hatakiwi kuacha ghafla. Methadoni ni salama zaidi kwake na kwa mimba. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto, zinatibika. Lakini binti anayetukanwa kwenye foleni ya wajawazito harudi tena. Mganga Mkuu wa Jiji, hili tunalikabidhi kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzetu wa Usa River na Ngaramtoni wanapanda daladala kila siku kufuata dozi moja. Tunaomba huduma isogezwe kwao, na wale ambao wataalamu wameridhika kuwa wametulia wapewe dozi za nyumbani, zitunzwe chini ya kufuli mbali na watoto. Tunaomba utuombee kwa waajiri, fundi anayeingia kazini saa tatu kwa sababu ametoka kliniki asifukuzwe. Tunaomba pia kijana anayetoka kunywa dawa asikamatwe njiani kwa sura yake tu. Na tunaomba naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini, ipatikane kwenye zahanati za kata, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hana muda wa kusubiri gari la wagonjwa.

Kadi ya kliniki ya kila mwanachama ipo mezani, wenyewe wameridhia uzione. Mahudhurio yao yameandikwa humo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi